Ngazi mbili tu!

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya klabu ya vijana, Tanzania)

Naomba wa nyuma msogee karibu, mimi na baiskeli yangu hii hatupandi jukwaani. Jukwaa lenyewe lina ngazi! (Kicheko)

Siku ya kuzaliwa ya rafiki yangu tulikwenda mgahawa mmoja wa chipsi kuku, ule wenye matawi mengi. Mlangoni kuna ngazi mbili. Mlinzi na kijana mwingine wakaninyanyua mzobemzobe, hata hawakuniuliza. Nia yao njema, sikatai. Lakini sketi ilipanda, watu wakatazama, na mimi nina miaka 17 jamani. Ndani sikunywa soda. Kwa nini? Choo chenye alama ya kiti cha magurudumu kilikuwa kimejazwa kreti na ndoo za kupigia deki.

Hapo ndipo linapoingia suala la afya. Wengi wetu tunaotumia baiskeli hizi tunajinyima maji tukitoka nyumbani, kwa kuogopa kukosa choo. Mkojo ukikaa muda mrefu kwenye kibofu, bakteria huzaliana, na ugonjwa wa njia ya mkojo hauko mbali. Kwa aliyeumia uti wa mgongo ni hatari zaidi: huenda asisikie maumivu, na maambukizo yakapanda hadi kwenye figo. Yote hayo kwa sababu ya kreti za soda!

Nilirudi nyumbani na hasira. Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa matusi matupu. Kaka yangu akaisoma, akaniuliza, "Mdogo wangu, unataka kumkomoa meneja au unataka kupita mlangoni?" Nikaichana.

Tukaazima futi kamba ya fundi seremala, tukaenda kupima. Ngazi zote mbili zina kimo cha sentimita 30. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo njia ya mteremko inahitaji mita 3 na sentimita 60, na nafasi ipo, pale wanaposimamisha mabango yao. Wengine huweka kaubao kafupi tu. Huo ni mtego, baiskeli inarudi kinyumenyume!

Barua ya pili ilianza kwa shukrani, maana kuku wao ni watamu kweli. Tukaomba choo kifunguliwe, mteremko ujengwe, na wahudumu waulize kabla ya kumshika mtu. Tukakumbusha kwa upole kwamba ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya huduma kwa umma yafikike bila vikwazo. Niliipeleka mwenyewe, nakala nikabaki nayo.

Meneja alishuka zile ngazi, akaisoma akiwa amesimama kando yangu. Wiki ileile choo kikafunguliwa. Mlinzi naye sasa ananiuliza, "Dada, nikusaidieje?" Mteremko bado, meneja alisema uamuzi ni wa makao makuu. Tumesubiri miezi miwili. Juzi tumeandika tena, safari hii huko huko juu, na vipimo tumeambatisha.

Jumamosi tunakwenda kupima tawi la sokoni. Nani ana futi kamba?