NYUMBA YA WAZEE NI YA KUTENGENEZWA NA WOTE
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka, maana hisa zao ndizo zilizotuanzisha.

Katibu ameshasoma taarifa na Mtunza Hazina amewaonyesha vitabu, kwa hiyo hatutarudia. Tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo limekuja mara nyingi mbele ya kamati yetu ya mikopo kwa miaka hii kumi. Siyo ada, siyo mbolea. Ni ukarabati wa nyumba za wazee.

Nyumba hizo tunazijua wote. Matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, sakafu imepasuka, bati limekula kutu. Wazee wetu walizijenga kwa jasho la mahindi na tumbaku. Watoto wakakua, huyu akaenda Mbeya, yule Dar es Salaam, mabinti wakaolewa. Nyumba ikabaki na bibi na wajukuu wawili. Kila mvua za Novemba zikianza, bibi anahamisha kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile mpaka Aprili. Na siku hizi mji wa Songea umetufikia, kiwanja kimepata bei. Basi mtoto ambaye hakuleta hata msumari mmoja, siku ya msiba anakuja na futi ya kupimia!

Kwanza tuseme juu ya kazi yenyewe, maana hela yetu ni ndogo na ukianza vibaya inapotea. Fundi akija atataka kuanza na lipu na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mkatalie. Anza juu. Bati likivuja, kila utakachoweka chini kitaoza. Ukipanda, usitazame bati peke yake, gonga kenchi na papi, maana mchwa hula mbao kwa ndani huku nje pazima. Mbao iliyoliwa itolewe, usipigilie bati jipya juu yake. Ukienda dukani uliza geji: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na bei zake hazilingani. Usiuziwe moja kwa bei ya lingine.

Pili, maji ya mvua. Bati likimwaga maji miguuni mwa ukuta, ukuta wa udongo unalika chini. Chimba mfereji wa kuyapeleka mbali, na kichuguu kilichoegemea ukuta kibomolewe. Kazi hiyo haitaki hela, inataka jembe na vijana. Tatu ndiyo nyufa na lipu. Hapo pia tuwe waangalifu, simenti tupu juu ya ukuta wa tope haishiki vizuri, mwaka mmoja inabanduka vipande vipande. Mwisho kabisa ndiyo sakafu, milango na rangi. Ukipata hela ya hatua moja, fanya hiyo moja, nyingine subiri mavuno.

Sasa ndugu zetu, hayo yote fundi anaweza kukueleza. Lililo gumu liko kabla ya fundi. Nalo ni swali ambalo kamati yetu huuliza kila mwombaji: nyumba hii ni ya nani?

Mwenzetu mmoja alileta maombi ya mkopo wa bati kwa nyumba ya mama yake. Tulipomwuliza swali hilo akanyamaza. Baba alishafariki miaka mingi, mirathi haijafunguliwa, watoto wako wanne. Tukamwambia dada, kawaite ndugu zako kwanza, hela haitakimbia. Akampigia simu kaka mkubwa, akajibiwa, "Wewe umeolewa, nyumba ya baba inakuhusu nini?" Hakugombana. Alingoja Krismasi, walipokuja wote, akawalaza kwenye chumba kinachovuja. Jamani, mvua iliwasemea! Asubuhi kikao kikakaa, mama yuko katikati na wazee wa ukoo wawili.

Walikubaliana hivi. Mama atakaa humo mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuna wa kuuza. Kaka mkubwa bati, wa pili mbao na misumari, dada yetu mkopo wa simenti na hela ya fundi. Mdogo wao hakuwa na kitu, akasema atasomba mchanga na kuwa saidia fundi, na siku zake za kazi zikaandikwa kama hela za wenzake. Wajukuu walichota maji, mama akapika togwa. Muhtasari ukaandikwa, wote wakatia sahihi, ukapelekwa mahakama ya mwanzo akateuliwa msimamizi wa mirathi. Nyumba ile imesimama, na mkopo ulirejeshwa wote.

Mwenzetu mwingine yalimkuta ya kumkuta. Alikopa akatengeneza nyumba ya mumewe iliyokuwa ya wakwe, milango, sakafu, mpaka choo. Hakuna lililoandikwa. Mume alipofariki, arobaini haijapita, shemeji wakaja na kufuli. Marejesho yake aliyamalizia akiwa amepanga chumba Bombambili. Hela ya kikundi, hela ya vitumbua, imebaki kwenye ukuta wa watu wengine.

Ndiyo maana tulimwita msaidizi wa kisheria atufundishe. Tukajifunza kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Tukajifunza kuwa mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimwacha mjane bila fungu, atunzwe tu na watoto wake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema, kwa malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania, kuwa kanuni za namna hiyo ni za kibaguzi. Kwa hiyo mama, usitegemee huruma. Tunza karatasi.

Kuanzia sasa, mkopo wa nyumba katika kikundi chetu utatolewa kwa mambo matatu: muhtasari wa kikao cha familia, orodha ya nani anatoa nini, na stakabadhi za dukani nakala moja ikae kwetu. Wengine wanasema tunaleta uchuro, tunazungumza vifo watu wakiwa hai. Sivyo. Wakati wa kuzungumza ni huu, mama akiwa hai na anaweza kusema mwenyewe anataka nini.

Kina baba mliopo hapa, msione hili ni la wanawake. Binti zenu wataolewa kwa watu, na dada zenu wako kwa watu. Unachotaka wafanyiwe huko, wafanyie wake za kaka zako hapa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: ufa wa ukuta unazibwa na fundi, ufa wa ndugu unazibwa na kikao. Mvua zinakuja. Nendeni mkakae vikao.

Umoja ni nguvu!