Neno la Korale: Safari Yetu ya Likasi



Mmetuomba tuwaelezee safari yetu ya siku mbili, kutoka Lubumbashi hadi Likasi, tulikoalikwa kuimba katika konseri. Njia ni kilometa 120 hivi. Tuliisafiri ndani ya lori, ngoma katikati, akina mama wakiketi juu ya mifuko ya unga.

Siku ya posho jioni tuliimba Misa Luba, iliyozaliwa Kamina, ikasikika mara ya kwanza mwaka 1958. Watu walipiga makofi sana. Kabla ya safari, wazee fulani walikuwa wametuuliza: Je, Sanctus ni wimbo wa kupigiwa makofi? Ni swali la haki. Tulijibu kwamba vijana wa Kamina waliipeleka Ulaya mwaka ule ule, wakaiimba mbele ya wageni, nayo haikupunguka utakatifu. Si wote waliokubali.

Lakini habari kubwa tuliikuta nyumbani. Siku ya Mungu, korale ikiwa mbali, akina mama walianzisha nyimbo na kanisa zima likaitikia, hata wazee wa viti vya nyuma, ambao sauti zao hatujazisikia kamwe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka korale zisitawi na waamini wote washiriki kuimba.

Kwa hiyo, Baba Paroko, tunaomba ruhusa: mara moja kila mwezi tuvue kanzu zetu, tuketi katikati ya watu, na mama hawa waanzishe.