Kumlea Mtoto Mwenye Kifafa
Hotuba ya wazazi wawili wa Diani mbele ya Mkutano wa Mwaka wa wanachama



Kamati ilipotutaka tuseme juu ya malezi ya mtoto mwenye kifafa, tulisita, kwa kuwa ya nyumbani husitiriwa. Lakini twajua kwamba tangu Diani hata Msambweni wamo watoto wanaofichwa vyumbani kwa maradhi haya haya. Kwa ajili yao tumekubali.

Mwanetu yu katika mwaka wake wa sita. Alipokuwa wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa, akakakamaa, macho yakapinduka. Wazee wakasema ni dege, au nyuni. Tukamfukiza na kumnywesha kombe. Homa ikatoka, tukasahau. Alipotimiza miaka mitatu akaanguka bila ya homa yo yote, na katika miezi mitano akaanguka mara nne. Ndipo tulipokwenda hospitali. Dua haikatazwi na daktari hata kidogo. Tunachojilaumu ni ile miezi mitano.

Alianzishwa fenobabito, dawa ya bei nafuu iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912. Kuanguka kukapungua, lakini mtoto akageuka. Akawa hatulii, halali, huuma wenzake na kurusha sahani. Majirani wakanena ana shetani. Sisi tukanena ni utundu, tukamchapa. Kumbe dawa hiyo huweza kuwafanya baadhi ya watoto kuwa wakali na wasiotulia. Huenda tuliambiwa, tukawa hatukusikia kwa hofu. Badala ya kurudi kuuliza, tukaiacha dawa wenyewe, ghafla. Usiku wa tatu kifafa kikamshika, kikamwachia, kikamshika tena kabla hajapata fahamu. Tulimkimbiza Msambweni kwa gari la jirani, na njia ile tuijuayo sana ikawa ndefu kama ya kwenda Lungalunga. Alipona. Daktari akambadilishia dawa, ya kwanza ikipunguzwa kidogo kidogo huku ya pili ikiongezwa.

Ukali ukapungua, usiishe. Sehemu iliyobaki, twakiri, tuliifuga sisi. Kwa kuogopa kwamba akilia ataanguka, tulimpa kila alichokitaka. Akimpiga dada yake, tulimwambia dada, “Mwachie, ni mgonjwa.” Jioni moja binti huyo, mwenye miaka minane, akatuuliza, “Na mimi nikianguka, mtanipakata?” Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tumeweka amri chache zilizo sawa kwa wote wawili. Anayepiga hushikwa mikono, huambiwa maneno yale yale kwa sauti ya chini, na huketishwa kando kidogo mbele ya macho yetu. Fimbo tumeitupa. Analala saa ile ile kila siku, kwa maana usingizi ukikatika kifafa hukaribia. Kwa hiyo ngoma za arusi tunakwenda mmoja, mwingine akabaki naye. (Shangazi mmoja amenuna kwa hili hata leo. Tunamwomba radhi tena.)

Kuhusu povu, hebu tuseme wazi: kifafa hakiambukizi. Hofu hii si ya kwetu peke yetu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanganyika, mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa wametengwa kwa kuogopwa mate yao, na wengine wana makovu ya moto kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwashika walipoangukia mekoni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba saba katika kumi wangeweza kuishi bila ya kuanguka kama wangepata matibabu yafaayo.

Basi mkimwona mwanetu ameanguka njiani, msikimbie. Mwondoeni penye moto au maji, mlazeni ubavu, mwekeeni kitu laini kichwani, mlegezeeni nguo shingoni. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, wala msimnyweshe maji. Tazameni saa: zikipita dakika tano, au akishikwa tena kabla ya kuzindukana, ni safari ya hospitali. Na asiende kisimani, pwani wala juu ya mwembe bila ya mtu mzima karibu. Wavuvi wa kwetu wamekwisha kuzoea kumrudisha, nasi twawashukuru.

Tunaiomba kamati mambo mawili. Kwanza, nauli kwa mzazi asiyeweza kufuata dawa kila mwezi, kwa kuwa dawa ikikatika siku chache tu yaweza kutokea yale yaliyotupata sisi. Pili, wanachama wawili watakaokwenda pamoja nasi kuzungumza na walimu wa chekechea na wa chuo, kabla mtoto hajaanguka darasani wenzake wakatawanyika.

Daftari tunamoandika siku na saa za kuanguka, dawa na usingizi, tumekuja nalo. Mara ya mwisho iliyoandikwa ni kabla ya mfungo wa Ramadhani. Atakaye kulitazama na atujie baada ya mkutano. Tutaketi pale chini ya mkorosho.