Maktaba ya Watoto Wote

Wazee wetu, mama zetu, vijana, na ndugu zetu Wakristo mliokuja kukaa nasi leo: karibuni nyote.

Mwaka huu twachangia maktaba ya wanafunzi wa sekondari, na kamati imeamua iwe wazi kwa kila mtoto wa Lamu, Mwislamu na Mkristo. Baadhi yenu mmetuuliza, wala si vibaya kuuliza: mbona tusianze na watoto wetu kwanza? Twajibu hadharani.

Sote twaikumbuka Juni 2014. Mpeketoni na vijiji vya karibu waliuawa watu zaidi ya 60, na waliowaua walidai kuitetea dini yetu. Kisha ikaja kafyu. Wavuvi wa usiku wakazuiwa kutoka, mashua zikalala pwani, na nyumba zilizokuwa mbali na msiba zikakosa riziki.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, basi la kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wavamizi waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Kina mama waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajisitiri. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mungu amrehemu. Pale njiani hapakuwa na wakati wa kufunzwa utu. Twaamini walikuwa wameshafunzwa, nyumbani na chuoni.

Nasi chuoni tulifunzwa nini? Tulifunzwa kwamba Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Habasha, kwa mfalme Mkristo, naye akakataa kuwarudisha mikononi mwa maadui zao. Tulifunzwa kuwa Mungu ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Hayo si mambo ya kuhifadhi tu na kuyaacha msikitini.

Hapa kwetu pia tuna mfano. Habib Saleh alikuja kutoka Ngazija, akaanzisha Riyadha, akawafunza hata waliokuwa watumwa na watoto wao, watu waliokuwa wamefungiwa mlango wa elimu. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupenda. Leo hakuna anayejivunia wale waliokataa. Sote twajivunia Riyadha.

Masheikh na mapadri wetu hukaa pamoja kila ukitokea msiba, nasi twawashukuru. Lakini mazungumzo hayo yasingoje maiti. Mtoto aliyesoma meza moja na mwenzake miaka minne, akamwazima kitabu, akajua nyumba yao na jina la mamake, hatakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba yule ni adui. Hiyo ndiyo kazi ya maktaba hii. Masomo ya dini yataendelea chuoni na kanisani kama kawaida. Hapa watakutana kusoma.

Basi twaiomba kila nyumba itoe inachoweza: fedha, vitabu, mbao, au siku moja ya kazi. Mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo, msituachie wa nyumbani peke yetu. Nasi kamati twaahidi kusoma hesabu mwakani, hapahapa mbele yenu, senti kwa senti.

Mungu atujaalie amani. Wabillahi tawfiq.