MWANAMKE KATIKA KAZI YA ZIMAMOTO, NA WAJIBU WA CHAMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kizingo, Mombasa)



Nimepewa nusu saa niseme juu ya mwanamke katika kazi ya zimamoto. Nitasema wazi, na atakayeona haya na avumilie, kwa kuwa jambo hili limefichwa kwa haya siku nyingi, na haya hiyo imemfaa mkosaji peke yake.

Neno la kwanza tunalolisikia ni kuwa mwanamke hawezi. Neno hili "hawezi" wazee wetu walilijua sana. Mpaka 1954 ilikuwa kawaida katika kazi za serikali ya kikoloni kumlipa Mhindi tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu, na Mwafrika chini yake, na walioitetea kawaida hiyo walitoa hoja ya uwezo. Na leo, kutoka hapa Kizingo, twaona meli zikipita mnara wa taa kuingia Kilindini, kila moja ina rubani wa bandari ndani yake. Bibi Elizabeth Marami alikwenda Misri kusoma kazi hiyo, akarudi akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa meli. Meli hazikupanda mwamba kwa sababu hiyo.

Hata hivyo sitaki kudanganya watu. Kazi ya zimamoto ni nzito. Mpira uliojaa maji ni mzito, na mavazi pamoja na chupa ya hewa mgongoni hufika kilo 20 na zaidi. Asiyeweza asiajiriwe, awe mwanamume au mwanamke. Swali ni moja tu: anapimwa kwa kazi yenyewe, au kwa kipimo kilichotungwa ili aanguke?

Swali hili lilifika mahakama kuu ya Kanada. Bibi Tawney Meiorin alikuwa akizima moto wa misitu katika jimbo la British Columbia, katika kikosi kidogo cha watu watatu ambacho kazi yake ilikuwa kuuwahi moto ungali mdogo. Alifanya kazi hiyo miaka mitatu na wakubwa wake waliridhika naye. Kisha serikali ya jimbo ikaleta kipimo kipya, na ndani yake mbio za kilometa 2 na nusu kwa dakika 11. Alijaribu mara nne. Mara aliyofanya vizuri kuliko zote alichelewa kwa nukta 49 na kidogo. Akafukuzwa. Mtu aliyekwisha kuzima moto miaka mitatu alifukuzwa kwa kuchelewa chini ya dakika moja katika mbio ambazo hakuna moto ndani yake.

Nani alilishika shauri lake? Chama chake. Chama cha wafanya kazi wa serikali wa jimbo lile kilipeleka malalamiko, kikashinda kwa msuluhishi, kikashindwa katika rufani, nacho hakikuchoka, kikaenda mpaka juu. Septemba 1999 mahakama kuu ilisema mwajiri hakuweza kuonyesha kuwa mbio zile kwa muda ule ni lazima kwa kuzima moto salama. Akarudishwa kazini na kulipwa mshahara uliopotea. Maneno ya hukumu ile yamewafaa wengi tangu hapo, wanaume pia, kwa kuwa mwajiri aliyeweka kipimo hutakiwa kuonyesha sababu yake.

Sasa niwape habari ya pili, ambayo si ya kujivunia. New York haikuruhusu wanawake kuomba kazi ya zimamoto mpaka 1977. Walipofika kwenye kipimo cha nguvu, wote waliangushwa. Bibi Brenda Berkman akafungua kesi, na mwaka 1982 jaji akasema kipimo kile hakikuwa kipimo cha kazi. Wanawake wapatao 40 wakaingia. Mwaka uliofuata Berkman na mwenzake mmoja wakaachishwa, na mahakama ikawarudisha tena. Na chama cha wafanya kazi wa zimamoto wa mji ule kilikuwa upande gani? Kilikuwa kinawapinga. Wanawake wale walilipa ada ya chama kama wengine, huku chama kikitamani waondoke. Ndugu zangu, vyama vyote viwili vilikuwa vyama vya wafanya kazi. Yatupasa tujue sisi ni cha namna gani kabla ya siku ya kesi, kwa sababu siku hiyo itakuwa kuchelewa.

Hayo ni mambo ya mlangoni. Mambo ya ndani ni mabaya zaidi.

Kazi ya zimamoto si kama ya ofisini, ambako jioni kila mtu hushika njia yake. Watu hungoja pamoja, hupika pamoja, na zamu ya usiku hulala stesheni. Msimamizi wa zamu ndiye asemaye nani ataendesha motokaa, nani atabaki kufagia, nani atapelekwa masomoni, nani atapata likizo ya Idi au Krismasi. Mtu mwenye uwezo huo akimtaka mwanamke aliye chini yake, hahitaji kutoa kitisho. Yule mwanamke anaujua uwezo ule kabla hajafungua mdomo. Akikataa, jina lake litaachwa katika orodha ya masomo, na hakuna karatasi yoyote itakayosema kwa nini. Wengine hawataki kitu ila kumchosha tu: maneno machafu mezani, picha kwenye simu, kumshikashika akipita, kisha kicheko na "alikuwa anatania". Utani ni wa watani. Anayechekwa peke yake katika zamu ya wanaume kumi hana mtani pale.

Msidhani ni sisi tu. Novemba 2022 ilitolewa taarifa ya Bwana Nazir Afzal juu ya kikosi cha zimamoto cha London, kilicho miongoni mwa vikosi vikubwa duniani. Uchunguzi ule ulianza baada ya kijana mmoja wa kikosi kujiua mwaka 2020. Taarifa ilisema kikosi chenyewe, katika desturi zake, kinawadharau wanawake na kinabagua rangi. Mwanamke mmoja kofia yake ya kazi ilijazwa mkojo. Mfanya kazi Mwislamu alitiliwa nyama ya nguruwe katika mkate wake. Nayataja yote mawili kwa pamoja kwa makusudi, maana walio katika mkutano huu watakaolikasirikia la pili na kulicheka la kwanza wajiulize tofauti iko wapi.

Wala si zimamoto peke yake. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za mashamba ya chai ya Kericho, ambako wanawake zaidi ya 70 walisema wametumiwa vibaya na wasimamizi wao. Ufunguo ulikuwa ule ule: mwenye kugawa kazi ndiye mwenye kutaka.

Lakini katika zimamoto kuna hatari nyingine, nayo inatuhusu hata tusiokuwa na kazi hiyo. Watu huingia katika moshi wawili wawili, na nje huwapo mtu wa kuhesabu hewa iliyobaki katika chupa. Mji wa Kale tunaujua, na vichochoro vyake vyembamba, na nyumba zilizojaa mbao, na wanawake na watoto ghorofani. Wawili wanaoingia nyumba kama hiyo, mmoja akimwogopa mwenziwe, au mmoja amekatazwa na wenzake kusema na mwingine kwa kuwa "alishtaki", hao wameingia na moto mbili. Na ikiwa aliye ghorofani ni mamako, hutauliza wakati huo nani alikuwa na haki.

Tena kuna udogo mdogo ambao si udogo. Viatu na glavu za kipimo cha mwanamume humponyoka mwenye mkono mdogo akiwa juu ya ngazi. Kifuniko cha uso kisichokaa sawasawa huingiza moshi. Dada anayejifunika kichwa, nao ni wengi katika mji huu, aulizwe mapema apewe kitambaa kisichoshika moto, asilazimishwe kuchagua baina ya dini na kazi. Choo na mahali pa kubadili nguo: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume. Mwajiri asituambie hana nafasi. Nafasi ya kuweka gari la mkubwa ilipatikana.

Sasa sheria, kwa maana mwanachama asiyeijua sheria yake ni kama aliyeshika mpira usiounganishwa na maji. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kubagua kwa sababu ya kuwa mwanamke au kuwa mjamzito, na inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Akishtakiwa kwa ubaguzi, ni mwajiri atakayeonyesha kuwa hakubagua. Kifungu cha 6 ni juu ya unyanyasaji wa kingono. Kinahesabu kumtaka mtu kwa ahadi au kwa kitisho cha kazi, na pia maneno, picha na kushikwa kusikotakiwa; na kinamhesabu mfanya kazi mwenzako, si mkubwa peke yake. Tena chasema mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima atoe maandishi ya sera juu ya jambo hili, akishauriana na wafanya kazi au wawakilishi wao, yaeleze namna ya kushtaki na kwamba jina la mlalamikaji halitatangazwa ovyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamhusu mwenye cheo asiyekoma kumtaka mtu asiyetaka: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Na kumfukuza mtu kwa sababu alimshtaki mwajiri, shtaka lenye msingi, si sababu ya haki. Madai ya kazi yapelekwe mahakamani kabla ya miaka 3 kupita.

Angalieni yale maneno "akishauriana na wafanya kazi au wawakilishi wao". Hapo ndipo chama kinapoingia kwa mlango wa mbele. Katika kila stesheni iliyo na wanachama wetu, mwakilishi aulize: maandishi yako wapi, na sisi tuliulizwa lini?

Nabakisha jambo gumu. Anayeshtaki ni mwanachama, na anayeshtakiwa mara nyingi ni mwanachama. Tumezoea kusema chama hakimpigi mtoto wake, basi tunamwita yule dada faraghani, tunamwambia amsamehe, mtu ana watoto, asivunje zamu. Huo si upatanishi. Huko ni kumwondoa mlalamikaji kwa upole. Aliyeshtakiwa ana haki yake: kifungu cha 41 kinampa nafasi ya kusikilizwa na kuwa na mwenzake au mwakilishi pamoja naye, na chama kitampa mtu huyo, kwa kuwa kusingiziwa kupo. Lakini na mlalamikaji apewe mwakilishi wake, mtu mwingine kabisa, asiye wa zamu ile. Mwakilishi mmoja asikae viti viwili. Na wakati shauri linasikilizwa, akihamishwa mtu, asiwe yeye wa kwanza kuhamishwa kama kwamba ndiye mkosaji. Najua wako wazee wasiolipenda neno hili. Nimewasikia, na bado nalisema.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano upige kura juu ya hili la wawakilishi wawili leo, wala lisipelekwe tena kwa halmashauri ndogo. Naomba pia majina ya dada wawili watakaokubali kazi hiyo yaandikwe kabla watu hawajatawanyika. Na dada yeyote mwenye neno asingoje mkutano ujao, wala asilipitishe kwa msimamizi wake wa zamu. Amwone mmoja wa hao wawili, nyumbani au kazini, saa yoyote.