Vitabu Vinne Katika Sanduku Letu

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo)

Mmetuomba sisi wanne, wazee wa darasa la kwanza la hapa kijijini, tueleze vitabu tulivyovipenda na jinsi vilivyotusaidia. Basi tutasema.

Tulianza kisomo mwaka 1971, chini ya mwembe, tukiwa watu ishirini na watatu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wengine wetu tulikwenda kwa kupenda. Wengine, tuseme kweli, tulikwenda kwa kumwogopa balozi wa nyumba kumi.

Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa cha pamba. Katika mikoa ya Ziwa kisomo kilifundishwa pamoja na kazi. Wavuvi walisoma habari za samaki, watu wa Bukoba walisoma migomba, na sisi wa Usukumani tukasoma pamba. Kila mwaka bwana shamba alituambia tung'oe miti ya pamba baada ya mavuno, tuichome. Tulidhani ni amri tu, kama zile za mkoloni. Kitabuni ndipo tulipoisoma sababu: wadudu hujificha katika masalio, wakingojea pamba ya mwaka ujao. Basi tukachoma bila kusukumwa.

Lakini siku tuliyokisifu sana kitabu kile ni siku ya mizani. Ilikuwa msimu wa 1974. Mama mmoja wa darasa letu, mjane, alipeleka gunia la pamba safi. Mizani ilionyesha kilo 48. Stakabadhi ikaandikwa 43. Zamani angeifunga kwenye pindo la kanga akaenda zake. Siku ile alisimama pale pale, akaisoma kwa sauti, pole pole, maana bado alikuwa mzito wa kusoma. Mstari wote ukanyamaza. Karani akasema eti kalamu imeteleza, akaandika nyingine. Loo! Waliokwisha kupimwa wakarudi na stakabadhi zao, wakataka magunia yao yapimwe tena kabla hayajamwagwa. Katika magunia kumi, kalamu ilikuwa imeteleza mara saba.

Kitabu cha pili kilikuwa kidogo, cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nchi nzima watu kama milioni mbili walikaa katika vikundi mbele ya redio, majuma 12. Kwanza tunasikiliza, kisha tunasoma kitabu, kisha tunajadiliana, kisha tunakwenda kufanya kazi. Hapa inatubidi tuseme jambo ambalo si jepesi kulisema mbele ya watu. Mmoja wetu alikuwa amezika watoto wawili kwa kuhara. Sisi sote tulisema ni uchawi. Tena tulimtaja mwenye kufanya: bibi mmoja jirani, asiye na mtoto. Tulikuwa tumeacha kumsalimu. Watoto wetu walikatazwa kupita uani kwake.

Basi jioni moja tukasoma habari ya kuhara. Mavi porini, nzi, maji ya kisima kisichofunikwa, mikono isiyonawiwa. Tuliisoma mara tatu. Hakuna aliyetaka kujadiliana. Tulikuwa tunakijua kisima chetu, na tulikuwa tunajua tunakokwenda haja.

Juma lile tukaanza kuchimba vyoo. Cha kwanza tulimchimbia yule bibi. Hatukuwa na maneno ya kumwomba radhi, tukatumia majembe. Alikitumia choo, lakini salamu zetu alizipokea kwa shida mpaka alipofariki. Hatumlaumu.

Kitabu cha tatu ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Hiki si cha kusoma mbio. Kiswahili chake kilitutoa jasho, tukawa tunasoma ukurasa mmoja kwa jioni moja, kiangazi kizima. Mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa kufundisha watu sheria. Mbele ya mfalme anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa sehemu mbalimbali kutafuta mema kwa ajili ya nchi, na kila aliyerudi akatiwa kifungoni. Wengine walicheka, wakisema nchi ya angani haiko. Sisi tulikuwa tunamfikiria yule bibi. Yeye hakupewa hata baraza la kujitetea. Mmoja wetu alipokuwa katibu wa kijiji, alikataa kuandika uamuzi wowote katika daftari kabla mshtakiwa hajasema maneno yake, nayo yakaandikwa. Vikao vilikuwa virefu, watu walinung'unika, lakini hakuacha.

Cha nne ni Wasifu wa Siti binti Saad, cha mwandishi huyo huyo. Hicho akina mama walikishika, wakawa hawataki kukitoa. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, na mwaka 1928 akafika Bombay kuimba katika santuri. Yule mama wa stakabadhi alikisoma mpaka jalada likatoka. Baadaye alifundisha kisomo miaka kumi na mmoja. Mwanamke akija na kusema, "Mimi mzee, siwezi," alimfungulia kitabu hicho.

Sasa, ndugu zetu, sanduku liko nyumbani kwa mzee wa pili wetu, karibu na josho. Litafunguliwa kila Jumamosi jioni. Kuazima ni juma moja, na jina lako utaliandika mwenyewe, usimwambie mtoto akuandikie. Kusadikika kimepungua kurasa za mwisho. Mchwa walikula. Mwenye kitabu kizima atuazime, tuzinakili. Kile cha Mtu ni Afya hakitoki nje. Kisomeni pale pale, mkeka upo.