Akaunti ya Simu Iwe ya Mwenye Simu



Wengi wetu tunaponunua simu janja huikabidhi palepale dukani kwa muuzaji atuwekee mambo ya intaneti. Hatuwalaumu wauzaji, wengi husaidia kwa nia njema. Tunachouliza ni hiki: akaunti inayofunguliwa hapo ni ya nani?

Simu ya Android huhitaji akaunti ya Google ili ipakue programu kutoka Play Store; iPhone huhitaji akaunti ya Apple. Humo huweza kuhifadhiwa namba za ndugu, picha na barua pepe. Aliye na nywila huweza kuyaona hayo akiwa na kifaa kingine, na hata kujua simu ilipo. Tena akaunti huilinda simu yenyewe. Ukisahau namba ya kufungulia kioo, simu ikalazimika kufutwa yote yaliyomo, ikiwaka upya hudai akaunti iliyokuwamo. Iwapo nywila aliitunga muuzaji kwa haraka na yeye mwenyewe haikumbuki, utabaki na kifaa ulichokilipia usichoweza kukitumia.

Kwa hiyo, fungua akaunti mwenyewe, nyumbani, bila haraka. Tumia laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole. Kwa kupiga *106# utahakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Andika jina na tarehe ya kuzaliwa vilivyo vya kweli. Nywila isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala namba ya siri unayotolea fedha kwenye simu. Namba ya uthibitisho itakayokujia kwa ujumbe mfupi ni yako peke yako. Hakuna mtumishi wa kampuni, wala wa Mamlaka, anayepaswa kukupigia akuombe umsomee. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Utaulizwa namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Wengi huparuka hapa, ilhali ndipo penye uzito. Weka namba unayoitumia kila siku. Laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika huweza kufungwa, kisha namba hiyo akapewa mtu mwingine, na ujumbe wa kurejesha akaunti yako ukamfikia yeye. Ukibadili laini, badili na namba hiyo.

Mzee anayesaidiwa na mjukuu aketi naye, nywila aichague mwenyewe. Wataalamu wengi hukataza kuiandika. Sisi tunaona kwamba, kwa asiyeweza kuikumbuka, daftari lililofungiwa sandukuni ni salama kuliko nywila iliyo kichwani mwa mtu mwingine.

Ambaye tayari alifunguliwa akaunti na mtu mwingine asikate tamaa. Aingie kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, asome anwani iliyopo. Asipoitambua, afungue yake, ahamishie humo namba na picha, ahakikishe zimefika, ndipo aiondoe ile ya zamani. Afanye hivyo simu ingali inafunguka.

Na unapouza simu, ondoa kwanza akaunti yako, kisha futa yaliyomo kupitia mipangilio, ili mnunuzi aweze kuweka yake.